Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 9: Tumtafute mpaka lini?

Ya leo ni ndefu kuliko ya jana, mnisamehe. Someni nusu sasa, nusu nyingine mkiwa mnasubiri adhana.

Jana baada ya tarawehe kijana mmoja alinishika mkono pale nje, watu wakiwa wanatafuta viatu vyao. Akaniuliza: "Mwalimu, mtu akizama majini asionekane, anatafutwa mpaka lini?" Nikamjibu haraka haraka, jibu la mtu aliyechoka, nikamwambia kila jambo lina mwisho wake. Akaitikia "haya" akaondoka. Usiku sikulala vizuri. Sababu ni kwamba swali hilo niliwahi kuulizwa zamani na mtu mwingine, nikalijibu vibaya zaidi ya hivyo. Nitafika huko.

Kwanza tarehe yenyewe. Tarehe kama ya leo, Ramadhani tisa kwa hesabu ya mwezi ya kule kwao, mwaka 1442, yaani tarehe 21 Aprili 2021, nyambizi ya jeshi la majini la Indonesia iitwayo KRI Nanggala-402 ilizama baharini kaskazini ya kisiwa cha Bali na haikuibuka tena. Ilikuwa kwenye mazoezi ya kurusha makombora ya chini ya maji. Mawasiliano yalikatika usiku ukielekea alfajiri, saa ambayo Waislamu wengi wanamaliza daku. Ndani walikuwamo watu 53.

Jeshi lilisema wazi: umeme ukiwa umekatika, hewa iliyomo inawatosha saa 72. Maana yake mpaka alfajiri ya Jumamosi. Hebu fikirini mke wa mtu aliyemo humo, amefunga, anajua kabisa ni saa ngapi hewa ya mumewe itakwisha. Meli zikatoka, ndege zikatoka. Singapore ikapeleka meli yake ya kuokoa nyambizi, Malaysia nayo, Australia, India, na Marekani wakapeleka ndege. Mataifa ambayo siku nyingine yanatazamana kwa jicho la pembeni yalitafuta chuma kimoja chini ya bahari moja. Jumamosi saa zile zikapita. Siku hiyo hiyo wakuu wa jeshi wakasimama mbele ya watu wakaonyesha vilivyookotwa juu ya maji, na miongoni mwake vipande vya misala ya kuswalia. Wakabadili neno: hawakusema tena imepotea, walisema imezama. Kesho yake wakaipata, kina cha mita 838, imekatika vipande vitatu.

Mimi kile kipande cha msala ndicho kilichonikaa moyoni. Mtu alikuwa na mahali pake pa kusujudia mule ndani ya chuma.

Sasa mtu wa Ifakara atasema, nyambizi na sisi wapi na wapi? Sisi tuna mto na mitumbwi. Lakini swali ni lile lile, na nchi yetu imelijibu kwa maji mengi.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ziwa Victoria kikiwa kimebakiza kidogo tu kufika gatini Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walizidi 220, sasa hesabu mwenyewe walipandishwa wangapi. Jioni ile giza lilipoingia uokoaji ukasimamishwa mpaka asubuhi. Watu walinung'unika sana. Mimi sikuwapo, siwezi kumhukumu aliyetoa amri ile. Kumwingiza mzamiaji usiku chini ya chombo kilicholala kichwa chini ni kumpeleka kwenye hatari, na Mola ametukataza kujitupa wenyewe kwenye maangamizi. Lakini Jumamosi, siku mbili baadaye, wakati wote tulikwishahesabu kwamba kilichobaki ni kutoa maiti tu, wazamiaji wakamkuta fundi wa mitambo yu hai. Alikuwa amebaki karibu na injini, sehemu iliyokuwa na hewa. Siku mbili gizani, kivuko kimegeuka juu chini, na nje watu wanapanga majeneza.

Kila nikimkumbuka mtu yule namkumbuka Nabii Yunus, alayhi salaam, mule tumboni mwa samaki. Wafasiri wanalitaja giza la usiku, giza la bahari na giza la tumbo. Yunus aliita na akasikiwa na Mwenye kusikia. Fundi yule naye alisikiwa na Mwenye kusikia, lakini kutolewa kwake kulipitia mikono ya watu ambao hawakurudi nyumbani siku ya kwanza wala ya pili. Hapo ndipo penye swali langu la leo. Mwenyezi Mungu hashindwi kumwokoa mja bila sisi. Kwa nini basi katuwekea sisi jukumu la kutafuta?

Kuna jingine linalouma zaidi. MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, karibu na Mwanza. Wakubwa mnakumbuka. Meli ilipinduka ikabaki inaelea, tumbo juu, na ndani watu walikuwa wanagonga. Waliokuwa nje wakawasikia. Kwa huruma wakaamua kukata tundu kwenye chuma ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka kwenye tundu lile, na meli ikazama. Mamia ya watu. Makaburi ya Igoma yapo mpaka leo, nendeni mkayaone.

Waliokata lile tundu hawakuwa wabaya. Nia zao tunazitegemea mbele ya Mola kuwa njema, na amali ni kwa nia. Lakini niliwahi kumsikia mtu akisema kuwa nia ikiwa safi basi yote sawa, nikakataa. Nia safi inamtosha aliyekata tundu siku ya Kiyama, inshallah. Haikumtosha aliyekuwa anagonga. Kumtafuta mtu na kumwokoa kuna elimu yake, na jamii inayokaa kando ya maji bila kujifunza elimu hiyo, bila maboya, bila wazamiaji, bila hata kamba ndefu, hiyo imeshaamua mapema itamfanyia nini atakayezama. Imeamua siku ambayo jua linawaka na mto umetulia.

Nataka nitenganishe mambo ambayo tunayachanganya. Tukisema "tunamtafuta" huwa tunasema vitu vitatu kwa neno moja. Tunatafuta roho, tupate mtu hai. Tunatafuta mwili, tumpe haki yake ya kuoshwa, kukafiniwa, kuswaliwa na kuzikwa. Na tunatafuta habari, tujue imekuwaje. Kosa letu ni kwamba la kwanza likikatika tunayakata yote matatu siku hiyo hiyo. Tunasema "tumuachie Mungu", na neno hilo, jamani, ni zuri sana, ila mara nyingine tunalitumia kama shuka la kufunikia uvivu.

Waangalieni Waargentina. Nyambizi yao ARA San Juan ilipotea tarehe 15 Novemba 2017 na watu 44. Meli za nchi nyingi zikatafuta. Baada ya wiki mbili jeshi likatangaza kuwa halitafuti tena watu hai. Kwa upande wa roho, sawa, hesabu ya hewa ilikuwa imekwisha. Lakini jamaa zao hawakukubali kuondoka. Walikwenda wakapiga kambi kwenye uwanja mkuu wa Buenos Aires, mbele ya ikulu, wakidai utafutaji uendelee. Hawa si watu walioamini kuwa mtoto bado anapumua. Walitaka kujua. Na Novemba ya mwaka uliofuata, siku moja baada ya kutimia mwaka, nyambizi ikaonekana, kina cha mita zaidi ya 900. Hakuna aliyefufuka. Lakini mama alijua sasa aelekee wapi anapomlilia mwanawe.

Na sisi? MV Spice Islander, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, karibu na Nungwi, ikielekea Pemba. Siku kumi hivi tu baada ya Idi, watu wanarudi makwao na watoto na mizigo. Miili iliyopatikana ni 203. Wazamiaji walikuja mpaka kutoka Afrika Kusini, mkondo ukawashinda na kina kikawashinda. Tume iliyoundwa ilikuja kusema waliokufa na waliopotea jumla ni 1,573. Toeni wale 203. Waliobaki, 1,370, bahari inao. Hapo mwili ulishindikana kweli kweli. Habari je? Angalau idadi ile ilitafutwa, watu wakapita nyumba kwa nyumba kuandika nani hayupo. Mimi nasema kazi ile ya kuandika majina ni utafutaji pia, na thawabu yake ipo. Mtu aliyeandikwa hayupo ana heshima kuliko mtu ambaye hata kukosekana kwake hakukuandikwa.

Dini yetu nayo haikuliacha jambo hili hewani. Fiqhi ina mlango mzima wa mtu aliyepotea, asiyejulikana kama yu hai au amekufa. Sayyidna Umar, Mungu amuwie radhi, alihukumu kuwa mke wa aliyepotea angoje miaka minne, kisha akae eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi, kisha yuko huru. Wengine, na humo mna kauli ya baadaye ya Imam Shafii, walisema angoje mpaka iwepo yakini. Sheria ya ndoa ya nchi yetu ya mwaka 1971 nayo ina miaka yake mitano ya kutosikika. Oneni jambo hili vizuri: kuweka muda siyo kumtupa aliyepotea. Ni kumhurumia aliyebaki. Mwanamke ana watoto, ana shamba, ana umri unaokwenda. Huwezi kumfungia mlangoni maisha yake yote eti kwa heshima ya mumewe. Kwa hiyo kusubiri kuna mwisho, nakubali. Nilichomjibu yule kijana jana hakikuwa uongo. Kilikuwa pungufu.

Upungufu wake upo kwa Nabii Yaaqub. Miaka ilikwishapita mingi tangu Yusuf apotee. Wanawe walimletea kanzu yenye damu, ushahidi mezani, kesi imefungwa. Akalia mpaka macho yakawa meupe. Na bado, mzee kipofu, akawaambia wanawe waende wakamtafute Yusuf na ndugu yake, wasikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Aya ya 87 ya Surat Yusuf, kaisomeni leo. Mtu atasema Yaaqub ni Nabii, alikuwa na elimu kutoka kwa Mola wake ambayo wewe na mimi hatuna. Kweli. Lakini mimi nawatazama wale wanawe. Wao ndio waliojua ukweli. Wao ndio walioleta ile kanzu. Na miaka yote ile walimwacha baba yao atafute kwa machozi kitu ambacho wao walijua wamekiacha wapi.

Hapa ndipo niliposhindwa kulala.

Miaka kadhaa iliyopita, masika kama haya, kijana wa mtaani kwetu, jina nalihifadhi, alitoka alfajiri na mtumbwi kwenda kutazama nyavu zake. Mnaujua Kilombero wa masika. Mto hauna kingo tena, bonde lote ni maji, unapita na upondo juu ya mashamba ya mpunga ya watu, mabingobingo yamesimama kama ukuta, huoni mkondo uko wapi mpaka ukushike. Siku ya pili mtumbwi ulikutwa umepinduka kwenye matete. Yeye hakuwepo.

Tulitoka wanaume kumi na mmoja. Mitumbwi minne na boti moja ya injini ya kuazima, petroli tukachangishana. Siku ya kwanza tulitafuta mpaka magharibi. Siku ya pili tulibaki wanane. Siku ya tatu tulikuwa watano, mvua haikuacha tangu asubuhi, na viboko wawili walituzuia sehemu moja karibu saa nzima. Kuna kona kubwa ya mto, ukiipita unateremka mbali mpaka kwenye kambi ya wavuvi. Tulifika kwenye kona. Petroli ilikuwa imebaki ya kurudia, pengine na ziada kidogo. Mmoja wetu akasema palizi inamsubiri. Hakuna aliyesema turudi. Aliyeshika injini aligeuza boti, na sote tukanyamaza.

Jioni mimi ndiye niliyetumwa kwa mama yake, kwa sababu mimi ni mwalimu wa madrasa, maneno ninayo. Nikamwambia, "Mama, tumefanya tulichoweza. Tumemkabidhi kwa Mola." Akaniuliza jambo moja tu: "Mmefika wapi, mwanangu?"

Nikamwambia tumefika kambini.

Sijui kwa nini. Ninajua kwa nini. Niliona kona ile haitoshi kumwambia mzazi. Basi yule mama akaridhika, akasema Alhamdulillah, akatushukuru mmoja mmoja. Kwa neno langu lile kipande chote cha mto kuanzia kona mpaka kambini kikahesabika kimetafutwa. Hakuna aliyekwenda tena. Miezi baadaye, maji yakiwa yameshuka, mchuuzi wa samaki alinieleza sokoni kama hadithi tu kwamba wavuvi wa kambi ile walipata mwili kwenye masika, wakauzika ukingoni, hawakujua wa nani. Huenda ni yeye. Huenda siye. Nilinunua kitoga wangu wawili nikaenda nyumbani, sikumwambia mtu.

Nimesoma habari za Kursk, nyambizi ya Urusi iliyozama Agosti 2000 na watu 118. Kilichowauma wale jamaa si ajali peke yake. Wakubwa walitoa maelezo yasiyo ya kweli, na msaada wa nje ukacheleweshwa siku kadhaa kabla ya kukubaliwa. Baadaye ikajulikana mabaharia 23 walikuwa hai kwa muda baada ya mlipuko, wamejikusanya sehemu ya nyuma. Nilipokuwa nasoma nilikuwa nawalaani wale wakubwa kimoyomoyo. Ndipo nikakumbuka kona yangu. Wao walikuwa na jeshi na heshima ya taifa ya kulinda. Mimi nilikuwa nalinda nini? Sura yangu mbele ya mama mmoja mwenye khanga iliyolowa.

Basi yule kijana aliyeniuliza jana, jibu langu nimelirekebisha. Roho inatafutwa mpaka elimu iseme haiwezekani, na elimu iseme, siyo usingizi wetu. Mwili unatafutwa mpaka uwezo ukome, na asiangamizwe aliye hai kwa ajili ya aliyekufa. Hilo sina shaka nalo, tungepita kona usiku ule tukapoteza mtu wa pili ingekuwa dhambi nyingine. Kurudi kwenye kona halikuwa kosa. Habari ndiyo haina muda. Aliyerudi anadaiwa aseme amerudia wapi. Akisema kweli, mwingine anaweza kuanzia pale alipoishia yeye.

Mto wetu tunaujua wote. Januari 2016 kivuko kilipopinduka pale Kivukoni kwa upepo na mvua tuliona wenyewe ulivyo. Sasa tuna daraja, mita 384, tunapita na bodaboda tukitazama maji chini kama picha, na ni neema kubwa. Lakini wavuvi na wenye mashamba ya ng'ambo wangali majini kila asubuhi.

Leo baada ya alfajiri nilikwenda kwa yule mama. Sikutaka kuandika haya nikiwa sijamwambia yeye kwanza, na ruhusa ya kuyaandika amenipa, isipokuwa majina. Nilimkuta anachagua mchele wa futari. Nikamwambia yote, kona, petroli, yule mchuuzi wa samaki. Nilitegemea alie au anifukuze. Hakunifukuza. Alikaa kimya muda mrefu, mikono imo kwenye ungo, kisha akauliza: "Kona ipi? Ile yenye mkuyu, au ya juu yake?" Nikamwambia yenye mkuyu. Akamwita mjukuu wake alete daftari la shule, akamwambia aandike. Kutoka mkuyu mpaka kambini. Akaniuliza ni mwendo gani, nikamwambia. Akaniuliza wale wavuvi ni wa wapi, nikamwambia nilivyosikia, kwamba wengine ni wa Malinyi. Mjukuu akaandika vyote. Kuhusu kunisamehe hakusema kitu, na mimi sikuthubutu kumuuliza.

Tumekubaliana mwezi wa saba, maji yakishuka. Anataka kwenda mwenyewe, nimemwambia mguu wake hauwezi, amesema tutaona. Kwa hiyo ninaomba: mwenye boti ya injini anayeweza kutupa siku mbili, anitafute. Petroli safari hii ni yangu. Na kama kati yenu yuko aliyekuwa kwenye kambi ya chini ya ile kona masika yale, au ana baba au kaka aliyekuwapo, akawaulize kabla ya Idi, walimzika upande gani wa mto, na waliweka alama gani.

Leo baada ya tarawehe tutawaombea dua waliopotea majini. Mwenye jina la mtu wake aniandikie kabla ya Isha, nitalisoma kama alivyoliandika.

Wassalaam alaykum.